Shangazi anasema nimempa namba kama manamba

Barua

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 36, naishi Dar es Salaam, kazi yangu ni uhasibu. Uandishi sikuutafuta, ulinifuata. Mwaka juzi tulipomzika baba, wazee walilalamika kwamba kila tukizika mtu tunazika na habari za ukoo. Kwa kuwa mwenye kompyuta ni mimi, kazi ikaniangukia. Tangu hapo kila nikipata likizo naenda Pangani, nakaa na wazee, narekodi kwa simu, halafu usiku naandika.

Babu yetu alitoka Songea, akaja mashamba ya mkonge kama manamba, yaani kibarua wa mkataba anayeitwa kwa namba. Mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Alioa hapohapo Pangani, akajenga, na sisi ndio uzao wake. Msimuliaji wangu mkubwa ni shangazi, mtoto wa kwanza wa babu. Ana miaka sabini, na kumbukumbu zake ni kali kuliko zangu mimi ninayelipwa kwa kukumbuka hesabu za watu. Hata mkataba wa babu, wenye namba yake ya kazi, ni yeye anayeutunza ndani ya mkebe wa biskuti. Aliniruhusu niupige picha. Nikisema theluthi mbili ya kitabu imetoka kwake sijazidisha.

Binamu yangu anayesoma shahada ya uzamili aliniambia historia bila tanbihi ni porojo, akanionyesha jinsi ya kuweka namba ndogo juu ya neno na maelezo chini ya ukurasa. Niliipenda kazi ile, Mwalimu. Kila sentensi nikaiwekea ushahidi wake. Sasa mswada una kurasa 88 na tanbihi 140, na katika hizo, shangazi ametajwa kwenye 57. Nilidhani hakuna niliyemheshimu kuliko yeye.

Mwezi uliopita nikampelekea nakala. Macho yake hayashiki tena herufi ndogo, kwa hiyo mjukuu wake wa darasa la sita akawa anamsomea barazani baada ya alasiri, na majirani wakisikiliza. Walipofika ukurasa wa 12 akamwambia mtoto afunge. Jioni nilipopiga simu alinijibu kwa mkato. Baadaye akamwambia mama: “Mtoto wa kaka yangu kaniweka chini ya miguu ya watu, kwa herufi za sisimizi. Tena kanipa namba. Baba yangu alipewa namba na wazungu wa mkonge. Mimi napewa na mtoto niliyembeba mgongoni.” Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya kitabu.

Kijana wa steshenari anayenipangia kurasa anasema tanbihi zote zitoke, zinamvurugia kazi. Binamu anasema isitoke hata moja; kama zinaudhi nizihamishie zote nyuma ya kitabu, ambako shangazi hatafika. Mama anasema nikaombe radhi. Mimi sijui naomba radhi kwa kosa gani, maana taratibu za uandishi ndizo zinazotaka hivyo. Mkutano wa ukoo ni Desemba, na nakala 150 zinatakiwa ziwe tayari.

Nimeambatisha ukurasa wa 9 mpaka wa 16 ujionee. Tanbihi hasa ni kitu gani, na niziache au nizitoe?

*Mjukuu wa Manamba, Dar es Salaam*

Jibu

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba wa mzee.

Mama yako amesema kweli. Kosa lipo, nami nimelikuta kwenye ukurasa uleule wa 12 ambapo mtoto aliambiwa afunge. Wewe umeniletea shauri la herufi ndogo. Mimi nahisi herufi ndogo ni lawama ambayo shangazi aliweza kuitamka. Ile nyingine ilimkaa kooni. Nitaunakili ukurasa wako hapa, kwa sababu wasomaji wengine hawanao.

Juu umeandika: “Inasemekana babu aliingia Pangani mwaka 1936, akiwa ameletwa na gari la Silabu.” Namba 17. Chini, kwa herufi saizi 8: “Mahojiano na M.R., 14 Juni. Anasema ni ‘mwaka aliokufa Kingi Joji’. Msimuliaji amekosea mwaka. Mkataba wa babu ni wa Agosti 1952.”

Sasa mtazame mtoto wa darasa la sita. Yeye hajui kwamba maneno ya chini husomwa kimoyomoyo. Anasoma kila alichokiona, tena kwa ile sauti ya kusomea mbele ya mwalimu: “Msimuliaji amekosea mwaka.” Barazani. Majirani wapo, na kila mmoja anajua msimuliaji ni nani.

Hilo peke yake lingetosha. Lakini nilipoisoma tanbihi hiyo mara ya pili niliweka kikombe cha chai chini. Kingi Joji yupi?

Tanganyika ya Mwingereza iliomboleza wafalme wawili wa jina hilo. Joji wa Tano alifariki Januari 1936. Mwanawe, Joji wa Sita, alifariki tarehe 6 Februari 1952. Nadhani ulitafuta kwenye intaneti mfalme Joji alikufa lini, ukamkuta yule wa kwanza, ukaandika 1936 kana kwamba mwaka huo umetoka kinywani mwa shangazi. Haukutoka kwake. Yeye alisema mwaka aliokufa Kingi Joji, akanyamaza. Na mkataba ni wa Agosti 1952, miezi sita baada ya msiba wa mfalme. Shangazi na karatasi wanasema jambo moja! Aliyekosea ni wewe, ukamsingizia yeye, tena kwa kutumia karatasi iliyookolewa na mkebe wake mwenyewe.

Hata gari lilikuwa linakuonya. Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa ikiandikisha vibarua mikoani na kuwasafirisha, ilianzishwa mwaka 1944. Gari la Silabu la mwaka 1936 lingetoka wapi?

Hapa ndipo naanza kukujibu swali lako la tanbihi ni nini. Mimi sijawahi kufika nyumbani kwenu, shangazi simjui, mkataba sijauona. Nimewezaje kugundua kosa nikiwa nimekaa jikoni kwangu? Ni kwa sababu ndani ya tanbihi ileile iliyomwaibisha ulinakili maneno yake kama alivyoyasema. Ungeandika “mahojiano, 14 Juni” ukaishia hapo, kosa lako lingechapwa nakala 150, na miaka hamsini ijayo kitukuu fulani angeapa kwamba babu alifika 1936 na kwamba bibi yule wa mkebe alikuwa amechanganyikiwa. Tanbihi ni mlango unaomwachia msomaji ili akiwa na shaka aingie akakague mwenyewe. Jina lenyewe linasema. Limetoka kwenye Kiarabu, shina moja na kutanabahi: unamzindua mtu, unamwambia angalia hapa. Ndiyo maana kwenye karatasi za mtihani unakuta TANBIHI kwa herufi kubwa, halafu onyo la kutojibu maswali yote.

Kwa hiyo sitakwambia uzitoe. Nakwambia umezikalisha vibaya.

Neno ambalo lingenifanya niwafukuze wanafunzi darasani, kama bado ningekuwa nafundisha, ni “inasemekana”. Katika kurasa nane ulizoniletea limo mara kumi na moja. Inasemekana na nani? Nyumbani kulikuwa na mtu mmoja, ana jina, ana kiti chake barazani, alikupikia wali na kukueleza kwa saa mbili. Ulipoandika, juu ukamfuta kwa “inasemekana”, chini ukampa herufi mbili, M.R., kama mtuhumiwa kwenye gazeti. Kisha unashangaa kwa nini anasema umempa namba. Kwa fundi wa uandishi namba ile ni ya sentensi, haimhusu mtu. Lakini kwa mwanamke ambaye baba yake aliitwa kwa namba asubuhi na jioni kwenye hesabu ya wafanyakazi, mkiwa mnaandika kitabu kinachohusu jambo hilohilo, ulitarajia aone nini?

Shangazi kudai jina lake liwe juu si majivuno. Ana hoja ya kitaalamu, na ni ya zamani kuliko vyuo vikuu vya binamu yako. Kama alikaa chuoni utotoni, yaani madrasa, anajua hadithi ya Mtume inavyosimuliwa: katuhadithia fulani, naye kapokea kwa fulani, naye kasikia kwa fulani, ndipo maneno yenyewe yanafuata. Fungua Bukhari, ule mkusanyiko mashuhuri wa hadithi za Mtume, karibu kila hadithi inaanza hivyo. Ule msururu wa majina ndio isnadi, na maneno yanayofuata ndiyo matini. Shahidi anatangulia, habari inafuata nyuma yake. Kwa sikio lililolelewa hivyo, kitabu kinachotoa habari kwanza na kumtaja aliyeileta chini kabisa, kwa herufi mbili, ni kitabu kilichovaa shati kinyumenyume.

Kuna la pili katika elimu hiyohiyo, nami ndilo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote niliyoandika hapa. Vitabu vilivyosomwa vyuoni pwani vina ngazi zake. Kuna matini, maneno ya mwanachuoni wa asili, pengine mafupi sana. Safina, kitabu cha sheria za ibada tulichoanza nacho watoto wengi, ni kijitabu chembamba. Akija mwingine baadaye anaandika sharhe, anafafanua. Akija wa tatu anaandika hashiya, na hashiya kwa Kiarabu ni pindo la nguo. Aliyetangulia ana matini yake, hakuna anayeigusa. Waliokuja nyuma humzunguka, humfafanua, mara nyingine humpinga, lakini wao ndio wanaokaa pindoni. Tena hapakuwa na fedheha. Kuna masheikh wakubwa ambao jina lao limebaki kwa hashiya waliyoandika juu ya kitabu cha mtu mwingine.

Wewe umepindua. Umekaa katikati na sauti yako ya “inasemekana”, ukamsogeza mzee pindoni. Mpishe. Maneno ya shangazi yapande juu yawe matini. Atakayeshuka chini ya mstari ni wewe, na shaka zako, na mikataba yako, na tarehe za wafalme. Chini ya ukurasa ni jamvi la mdogo, anakaa hapo na kusema, samahani mama, kuna karatasi nimeiona.

Ukurasa wa 12 mimi ningeuandika hivi:

“Shangazi yetu, mtoto wa kwanza wa babu, alisikia kwa baba yake mwenyewe kwamba gari la Silabu lilimshusha Pangani ‘mwaka aliokufa Kingi Joji’.”

Na tanbihi:

“Ni Joji wa Sita, aliyefariki tarehe 6 Februari 1952. Mkataba wa babu, ambao shangazi ameutunza mpaka leo, ni wa Agosti mwaka huohuo. Katika rasimu ya kwanza mimi niliandika 1936. Kosa lilikuwa langu.”

Kwenye kitabu, badala ya “shangazi yetu” weka jina lake zima, pamoja na la baba yake. Mimi hapa nimeliacha kwa sababu hili ni gazeti. Na ile sentensi ya mwisho usiione aibu kuichapa. Nimesahihisha prufu za watu kwa miaka mingi, na naweza kukwambia kwamba mwandishi anayekiri kosa lake kwenye tanbihi huaminiwa katika zile nyingine zote.

Utaniuliza, je, ikitokea kweli mzee na karatasi havipatani? Itatokea, kitabu kina kurasa 88. Hapo usiandike “amekosea”. Andika shangazi anasema hivi, karatasi fulani inasema vile, na uoneshe karatasi hiyo iko wapi. Basi, uondoke. Maana karatasi nazo zina makosa yake. Mkataba ulioupiga picha una jina la babu limeandikwa kwa namna ambayo wewe mwenyewe kwenye tanbihi ya 19 umesema hakuna mtu Pangani aliyewahi kuitumia. Karani alisikia alichosikia. Mbona karani hukumwandikia kwamba amekosea?

Sasa nipunguze mzigo. Katika tanbihi ulizoniletea kuna ya 12, inayosema Pangani ni mji ulioko mkoa wa Tanga. Kitabu ni cha ukoo wenu. Ni mjukuu yupi asiyejua Pangani iko wapi? Ya 14 inasema Mto Pangani unaingia Bahari ya Hindi. Futa. Hizo umeziweka kwa sababu ulizoea kuweka, nakuelewa, tanbihi zina utamu wa karanga, ukianza moja mkono haurudi.

Lakini ukurasa wa 14 umeandika kwamba babu “alimaliza kipande”, ukapita mbio. Hapo ndipo ningetaka tanbihi. Wajukuu waliozaliwa Dar watadhani alimaliza kipande cha mkate. Waeleze kwamba kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na kwamba hizo 30 zilitakiwa zikamilike ndani ya siku 42. Waeleze Silabu. Waeleze manamba ni nani na kwa nini waliitwa hivyo. Wengi siku hizi wanalisikia neno hilo kama tusi tu. Muulize shangazi kama babu aliwahi kusimulia ilikuwaje siku kadi ilipojaa. Akikujibu, jibu hilo lipande juu, hiyo haitakuwa tena tanbihi.

Kipimo changu ni cha kizamani. Soma ukurasa kwa sauti kwa mtu, ukiruka tanbihi zote. Akikukatiza na kuuliza “nani kasema?” au “ikawaje?”, kitu hicho ulikiweka chini kimakosa. Asipouliza kitu, lakini wewe unajua kuna mkaidi mmoja kwenye ukoo atakayetaka ushahidi, huo ushahidi wa mkaidi uache chini.

Kuna tanbihi ya 22 ambayo hukuniuliza, nami siwezi kuipita. Ukurasa wa 15 unasimulia harusi ya babu hapo Pangani, na chini umechomeka: “Babu alikuwa na mke Songea, habari zake hazikupatikana.” Umeiweka pale ukitumaini itapita kimyakimya. Haitapita. Watu husoma tanbihi kama wanavyosikiliza mazungumzo ya chumba cha pili, kwa makini kuliko yale wanayoambiwa. Halafu, “hazikupatikana” maana yake ulizitafuta. Ulikwenda Songea? Ulipiga simu hata moja? Kama yule mama aliacha watoto, nao ni ukoo huo unaokutana Desemba. Jambo kama hilo ama linapanda juu kwa maneno kamili, ama linasubiri, na anayeamua si wewe peke yako na kompyuta yako. Kaa na wazee.

Binamu yako na shauri lake la kuhamishia kila kitu nyuma ya kitabu. Kwanza, sababu yake ni mbovu. Unamficha shangazi maneno yanayomhusu yeye? Pili, hilo lilijaribiwa na watu wakubwa kuliko sisi, likawaudhi wasomaji. Mwaka 1776 Edward Gibbon wa Uingereza alitoa juzuu ya kwanza ya historia yake ya kuanguka kwa dola ya Warumi, na maelezo yote yalipangwa nyuma. David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, aliisoma akiwa mgonjwa, miezi michache kabla ya kufa. Aliisifu sana, lakini akamwandikia mchapaji, William Strahan, kulalamika: unaiona namba, unafunua mpaka mwisho wa juzuu, na mara nyingi unachokikuta huko ni jina la kitabu tu. Akashauri yashushwe chini ya ukurasa uleule au yawekwe pambizoni. Baadaye yakashushwa, na mpaka leo kuna wanaokifungua kitabu hicho kwa ajili ya tanbihi zake, maana Gibbon alikuwa na ulimi mkali na aliutumia zaidi huko chini.

Mgonjwa wa mwaka 1776 alichoka kufunua. Mzee wako, anayesomewa na mtoto, je? Ziache chini ya ukurasa.

Kijana wa steshenari namwonea huruma kidogo. Nimeangalia kurasa zako nikaona namba zimechapwa kwa mkono na maelezo yamebandikwa chini kama maandishi ya kawaida. Ukiongeza aya moja ukurasa wa 3, kila kitu kinasukumana, na tanbihi ya 17 inajikuta chini ya sentensi ya 16. Hiyo ndiyo inayomvuruga, na ana haki. Nyumba moja ya uchapaji niliyofanya kazi ujanani, namba ziliteleza hivyo katika kitabu kizima, na maelezo kuhusu mbuzi wa mahari yakaenda kukaa chini ya picha ya mheshimiwa akihutubia. Tulikuja kujua vitabu vikiwa vimeshashonwa. Programu nyingi za kuandikia siku hizi zina sehemu yake ya tanbihi: unabonyeza, namba inajiweka, ukihamisha sentensi inahama na maelezo yake. Mwambie aanze upya kwa njia hiyo, na umlipe kwa kazi hiyo ya ziada. Namba ikae baada ya nukta au koma, isitangulie. Na pale ulipojaza “kama hapo juu”, rudia jina. Ukifuta tanbihi kumi, na utafuta zaidi ya kumi, “kama hapo juu” zako zitakuwa zinaonyesha kidole kwa mtu mwingine kabisa.

Sasa safari ya Pangani. Nenda mwenyewe, usimtume mtu na usipige simu. Usianze na maelezo ya taratibu za uandishi. Taratibu hazikusema umwite M.R. Nenda na kurasa nane tu zilizoandikwa upya, zichapishwe kwa herufi saizi 16, tanbihi nazo saizi 14, asome mwenyewe akitaka. Hilo la majirani lisikupite. Kosa lilisomwa barazani baada ya alasiri, basi na marekebisho yasomwe barazani baada ya alasiri. Mtoto yuleyule wa darasa la sita asome, asome juu na chini, mpaka pale “kosa lilikuwa langu”.

Halafu nyamaza, uwe na kalamu. Sidhani kama ataishia ukurasa wa 12. Atakwambia gari halikuwashusha Pangani mjini, liliwashusha ng’ambo ya mto wakavuka kwa mtumbwi, au jambo jingine ambalo mimi na wewe hatuwezi kulibuni, alilokuwa amelizuia tangu siku ile. Liandike kama atakavyolitamka. Kama atakutajia mwaka kwa tukio, kwa njaa, kwa mafuriko, kwa mfalme, acha tukio lake juu, na tarehe uitafute usiku, taratibu, ukijua kwamba wafalme hufanana majina.

Na ule mkebe wa biskuti, mwombe umpige picha nao yeye akiwa ameushika. Picha hiyo iende ukurasa wa kwanza, na chini yake jina lake zima, kwa herufi zilezile ulizoandikia jina lako.